Mwana wa Nani? Jina la Wilson Baina ya Riruta, Lang'ata na Fasihi

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki, jina la Kizungu limezoea kuhukumiwa kabla ya kusikilizwa. Mhusika Mwafrika akiitwa Jackson au Nelson, mhakiki huona papo hapo alama ya kasumba ya kikoloni, na uchambuzi huishia hapo. Hukumu hiyo haikosi msingi. Hata hivyo, inaacha swali moja bila jibu: jina hugeuka kuwa nini baada ya kukaa vizazi vitatu au vinne vinywani mwa watu ambao lugha yao si ile lilikotoka? Makala hii inalichunguza swali hilo kwa kulifuata jina moja tu, Wilson, ambalo ni la watu, la mahali na la wahusika wa kubuni. Kitovu cha uchunguzi ni upande wa magharibi na kusini-magharibi wa Nairobi, yaani Riruta, Kawangware na Kibera pamoja na viunga vyake.

Asili na umbo la jina

Kiumbo, Wilson ni neno lenye sehemu mbili: Will, ambacho ni kifupisho cha William, na kiishio chenye maana ya mwana. Kwa hiyo maana yake ya awali ni "mwana wa Will". Kazi ya kiishio hicho haina ugeni wowote kwa msomaji wa Kiswahili. Ni ile ile inayofanywa na "bin" katika majina ya Waswahili, "wa" katika majina ya Wagikuyu na "arap" katika majina ya Wakalenjin. Tofauti ni kwamba huko Uingereza na Uskoti kiungo hiki kiliganda. Mtu aliendelea kuitwa Wilson hata kama baba yake aliitwa George, na jina likawa la ukoo.

Ikumbukwe pia kwamba kugeuza jina la ukoo kuwa jina la kwanza hakukuanzia Afrika. Woodrow Wilson, rais wa Marekani kati ya mwaka 1913 na 1921, alibatizwa Thomas. Woodrow lilikuwa jina la ukoo wa mama yake. Kwa hiyo wale wanaocheka kwamba Waafrika walichukua majina ya ukoo wakidhani ni ya ubatizo wanacheka jambo ambalo Wamarekani wenyewe walilifanya hadi Ikulu.

Njia ya ubatizo

Njia kuu iliyoyafikisha majina ya aina hii katika eneo la Dagoretti ilikuwa misheni. Wamisionari wa Kanisa la Uskoti walihamia Ugikuyuni kutoka Kibwezi mwaka 1898, na mahali walipojenga pakaja kujulikana kama Thogoto. Jina hilo lenyewe ni matamshi ya Kigikuyu ya neno la Kiingereza linalowataja Waskoti. Hapa pana funzo la awali. Jina la wageni lilipopita katika fonolojia ya wenyeji, lilitoka likiwa jina la Kigikuyu, na leo halihisiki kuwa la kigeni. Mwaka 1899, Mapadre wa Roho Mtakatifu nao walianzisha misheni ya St. Austin's, jirani na Kawangware ya leo.

Majina ya Biblia yalikuwa na mavazi yake ya Kiswahili tayari: Yohana, Petro, Yakobo. Wilson halikuwa na vazi hilo. Halimo katika Biblia, wala si la mtakatifu maarufu wa kalenda ya Kikatoliki. Ni jina lililoingia kwa mlango wa Waprotestanti, waliokuwa na uhuru mkubwa zaidi katika kuchagua. Jirani yao, Kibera, hali ilikuwa tofauti. Wanubi, wazawa wa askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la kikoloni, waliuita msitu waliopewa Kibra na wakaendelea kuwapa watoto wao majina ya Kiislamu. Hivyo, katika mwendo wa saa moja kwa miguu, mifumo miwili ya kumwita mwana ilikaa bega kwa bega.

Jambo la msingi ni kwamba Wilson lilipopokewa lilibadilishwa nafasi. Huko lilikotoka hukaa mwisho na kutaja ukoo. Hapa lilikaa mwanzo, na kazi ya kutaja ukoo ikaachiwa majina ya wenyeji. Mfano ulio wazi ni wa Wilson Kiprugut, aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, na kisha fedha mjini Mexico mwaka 1968. Baada yake walikuja Wilson Kipketer, aliyeiwakilisha Denmark na kuweka rekodi ya dakika 1:41.11 mwaka 1997, na Wilson Kipsang, aliyeweka rekodi ya marathoni ya saa 2:03:23 mjini Berlin mwaka 2013. Hakuna atakayeuliza Will alikuwa nani. "Mwana wa" imefutika katika Wilson. Kinachofuata ni jina la wenyeji lenye Kip-, kiambishi cha majina ya wanaume wa Kikalenjin.

Wilson kama mahali

Kandokando ya Barabara ya Lang'ata, si mbali na Kibera, kuna Uwanja wa Ndege wa Wilson. Jina hilo lilitokana na Florence Kerr Wilson, mjane aliyeanzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways mwaka 1929. Kampuni hiyo ilikoma kutokana na Vita Kuu vya Pili. Uwanja ulipewa jina lake mwaka 1962. Tarehe hiyo inastahili kutafakariwa. Mwaka mmoja kabla ya Uhuru, wakati majina ya walowezi yalikuwa yakikaribia kung'olewa, jina la mlowezi lilipandwa. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, lakini Wilson ikabaki.

Yawezekana kudai kwamba ilibaki kwa sababu haikusikika tena kama jina la mlowezi. Delamere alikuwa mmoja. Akina Wilson walikuwa wengi, na wengi wao Waafrika. Kiswahili nacho kilikuwa kimeshalipokea jina katika sarufi yake. "Wilson yuko wapi?" ni swali kuhusu mtu, "Wilson iko wapi?" ni swali kuhusu uwanja. Kiingereza hakina njia ya kuwatenganisha wawili hao ndani ya kitenzi. Kiswahili hufanya hivyo kwa silabi moja. Hata hivyo, upatanisho huo wa kisarufi umemfunika mtu mwenyewe. Wengi hawajui kwamba Wilson wa uwanja ni mwanamke, na kwamba jina alilolipata kwa ndoa ndilo lililompatia kumbukumbu.

Wilson katika fasihi

Katika hadithi fupi ya Edgar Allan Poe iitwayo "William Wilson" (1839), mhusika mkuu anaandamwa na mtu mwenye jina lake na siku yake ya kuzaliwa, hadi anapomchoma upanga na kugundua kwamba amejiangamiza mwenyewe. Kwake, kushiriki jina ni jinamizi. Msomaji wa Kiswahili anaifikia hadithi hiyo akiwa na dhana ya somo, au wajina: mwenye jina lako ni mtu wako, na hushikamana nawe kwa mapenzi na utani. Miongoni mwa Wagikuyu, mjukuu hurithi jina la babu, na kwa jina hilo babu hurudi nyumbani. Kutisha kwa hadithi ya Poe kunategemea jamii ambamo jina ni milki ya mtu mmoja.

Wilson mwingine ni Robert Wilson, mwindaji wa kulipwa katika "The Short Happy Life of Francis Macomber" (1936) ya Ernest Hemingway. Anazungumza Kiswahili na wabeba bunduki, anawachapa watumishi viboko kinyume cha sheria badala ya kuwatoza faini, na anajua kwamba habari za kukimbiza nyati kwa gari zikifika Nairobi atapoteza leseni. Mbeba bunduki mzee anaitwa Kongoni. Mzungu ana jina na ukoo. Mwafrika anabeba jina la mnyama wa porini. Wilson huyu ndiye anayewapa haki wahakiki wanaolitilia shaka jina.

Ngũgĩ wa Thiong'o alilipatia suala hili jibu kali zaidi. Riwaya yake ya A Grain of Wheat (1967) ilitoka kwa jina la James Ngugi, na ndani yake afisa wa kikoloni anaitwa John Thompson, ilhali mchungaji Mwafrika anaitwa Jackson. Yote mawili ni majina ya "mwana wa". Mwaka 1970 alihutubia mkutano mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, kanisa lenye mizizi yake Thogoto, na akatangaza kwamba yeye si Mkristo. Baadaye aliliacha jina la James. Alichokihifadhi ni "wa", kiungo cha nasaba.

Hitimisho

Hatua ya Ngũgĩ ilikuwa ya haki, na ilifungua macho ya wengi. Lakini haiwezi kugeuzwa kuwa kanuni ya kuwahukumu wote waliobaki na majina yao. Mvulana wa Riruta aliyepewa jina la Wilson kwa sababu babu yake aliitwa hivyo hakuitwa kwa heshima ya Mwingereza. Ameitwa kwa heshima ya babu, kwa kanuni ya Kigikuyu. Kumwambia alitupe jina hilo ili awe Mwafrika ni kumtaka amkane babu yake mwenyewe. Mhakiki anapokutana na Wilson katika riwaya, basi, asikomee kwenye asili ya neno. Na aangalie limekaa wapi katika mfuatano wa majina, linatanguliwa au kufuatwa na kiungo gani cha nasaba, na nani analitamka kwa nani. Robert Wilson wa Hemingway na Wilson Kiprugut wa Tokyo wanatumia herufi zile zile sita, lakini mmoja anawaita wengine kwa majina ya wanyama, na mwingine aliitwa kwa shangwe na taifa ambalo halikuwa limetimiza mwaka mmoja wa uhuru.