Ziwa Moja, Elimu Nyingi

Elimu ni bahari, walisema wahenga. Sisi wa Fizi na Baraka hatuna bahari, tuna Ziwa Tanganyika. Lakini hilo nalo latosha kutufumbulia maana ya mithali hiyo. Urefu wake wapata kilomita 670, na kina chake chafika mita 1,470. Katika maziwa yote ya dunia ni Baikal tu, lililoko Urusi, linalolipita kwa kina.

Tangu mwaka 1858 wenye elimu wamekuwa wakilijia ziwa hili na maswali yao, kila mmoja kwa njia yake: huyu apima maji, huyu ahesabu samaki, huyu auliza desturi za watu. Twataka kusimulia kwa ufupi habari za kazi hiyo, na sababu yetu ni hii. Vijana wetu wafikapo sekondari hugawanywa: hawa biokimia, hawa pedagojia, hawa lugha na falsafa. Kisha huanza kudharauliana, wa hesabu wakisema kwamba historia ni hadithi za wazee, na wa lugha wakisema kwamba hesabu haina moyo. Basi tulitazame ziwa letu, tuone kama lajua kuta hizo.

Swali la mto

Mwezi wa Februari 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Ujiji. Ulaya siku zile watu walikuwa wakibishana juu ya chanzo cha mto Nile. Kama mto Ruzizi ulitoka ziwani kwenda kaskazini, basi huenda ziwa hili ndilo mama wa Nile; kama uliingia ziwani, shauri hilo limekwisha. Mwezi wa Aprili walifika kwa mitumbwi mpaka Uvira. Hapo wenyeji waliwaambia wazi kwamba Ruzizi huingia ziwani. Burton aliandika jibu hilo, lakini hakufika kwenye mlango wa mto, na mabishano yakaendelea Ulaya kwa miaka mingine kumi na mitatu. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda wenyewe kwa mtumbwi, wakaona kwa macho yao: maji yaingia. Wenyeji wa Uvira walikuwa wamesema kweli.

Tena katika ramani yake Burton aliichora Ubwari kuwa ni kisiwa. Mtu yeyote wa Baraka angaliweza kumwambia kwamba watu huenda Ubwari kwa miguu. Hatusemi hayo ili kumcheka. Twasema ili tujue kwamba utafiti ni kazi ya kuuliza, kusikiliza, kisha kwenda kutazama. Apungukiwaye na moja ya mambo hayo matatu hukosea, hata awe msomi namna gani.

Makombe kama ya bahari

Baadaye wakaja wenye elimu ya viumbe. Waliona ajabu: konokono wa ziwa hili wana makombe mazito yenye miiba na mapambo, kama yale ya baharini. Tena majini humu aelea mnyama laini kama uteute, mdogo, ambaye jamaa zake karibu wote hukaa baharini. Watu wa pwani humwita konyeza. Mwingereza mmoja, J. E. S. Moore, alisafiri huku mara mbili kati ya mwaka 1895 na 1900, akafikiri kwamba zamani sana ziwa lilikuwa ni sehemu ya bahari, nayo bahari ilipoondoka iliwaacha viumbe wake hapa. Alitoa kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1903.

Fikira ile ilikuwa nzuri, lakini haikuwa kweli. Wengine walikusanya viumbe wengi zaidi, na wenye elimu ya mawe wakachunguza nchi yenyewe. Ikaonekana kwamba ardhi ilipasuka na kudidimia, na bonde hilo refu likajaa maji ya mvua na ya mito. Wataalamu wa leo wakadiria kwamba kazi hiyo ilianza yapata miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita. Katika muda huo mrefu konokono na samaki wa humu walibadilika wenyewe kwa wenyewe, hata wakapata sura zisizoonekana mahali pengine. Mwenye kujua makombe peke yake alikwama. Ilimlazimu kuomba msaada kwa mwenye kujua mawe.

Lwiro na Uvira

Katika miaka 1946 na 1947 Wabelgiji walituma msafara wa wataalamu kulichunguza ziwa: maji yake, mimea yake, samaki wake. Mwaka huo wa 1947 wakaunda taasisi kubwa ya utafiti iliyoitwa IRSAC. Makao yake makuu yakawa Lwiro, kaskazini ya Bukavu, na tawi lake moja likajengwa Uvira kwa elimu ya maji. Vituo hivyo viwili vyaendelea hata leo, chini ya majina mengine na mikononi mwa wataalamu wa Kongo. Pale Lwiro, chini ya paa moja, palikuwa na wapimaji wa matetemeko ya ardhi, wenye elimu ya mimea na wanyama, waganga, na wachunguzi wa lugha na desturi.

Tutoe mfano mmoja wa faida yake. Katika kisiwa cha Idjwi watu wengi walikuwa na rovu, yaani uvimbe wa shingoni. Waganga walijua kwamba ugonjwa huo hutokana na upungufu wa madini ya joto. Lakini upungufu ulikuwa kisiwani kote, na wagonjwa walikuwa wengi upande wa kaskazini, wachache upande wa kusini-magharibi. Kwa nini? Katika miaka ya 1960 wachunguzi walitazama chakula, wakaona kwamba mihogo iliyoliwa kwa wingi kaskazini ilikuwa na sumu inayozuia mwili usitumie madini hayo machache. Wakatangaza matokeo yao mwaka 1971. Uganga ulihitaji kemia, na kemia ikahitaji mtu wa kuingia jikoni kwa mama na kuuliza: leo mwapika nini?

Mfano mwingine ni wa kwetu hasa. Yapata mwaka 1950 Mbelgiji wa taasisi hiyo, Daniel Biebuyck, alikaa kati ya Wabembe wa Fizi akichunguza koo, mashauri na ibada zao. Makumbusho ya Ulaya yalikuwa na sanamu nyingi za mti zilizoandikwa jina “Bembe”. Katika kitabu alichotoa mwaka 1981 alionyesha kwamba nyingi za sanamu hizo ni za koo za wawindaji waliotangulia katika nchi hii, kama Basikasingo, na za Waboyo. Jina lilibandikwa na walionunua, aliyechonga hakuulizwa. Elimu ya aina hii haituongezei samaki sokoni, lakini huwarudishia wafu jina lao.

Na milima ya Itombwe je? Mwaka 1951 alipatikana huko bundi mmoja ambaye wataalamu hawakuwa wamemjua. Akapewa jina la Alexandre Prigogine, mtu wa kazi za machimbo aliyependa kuchunguza ndege. Baada ya hapo bundi wa aina hiyo hakushikwa tena na wataalamu mpaka mwaka 1996.

Maji yanapopanda

Msomaji aweza kuuliza: yote haya yanatufaa nini sisi wenye njaa na vita? Tumjibu kwa jambo alilolishuhudia mwenyewe. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya ziwa yalipanda yakaingia katika nyumba za watu wa ufuoni, kwetu na katika nchi jirani. Wengine walisema ni laana, wengine wakatafuta mchawi.

Historia yajibu kwanza. Mto utokao ziwani ni mmoja tu, Lukuga. Mwaka 1874 Cameron aliukuta umezibwa na nyasi na mchanga. Maji yakazidi kupanda mpaka yakavunja kizuizi. Mwaka 1879 Joseph Thomson aliukuta ukienda kwa nguvu. Ziwa likashuka kiasi cha mita 10 katika miaka kumi na mitano hivi. Kisha mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 1961 zikalijaza tena, hata mwaka 1964 likafika juu sana. Basi mahali palipokuwa maji mwaka 1964, sisi tulijenga. Elimu ya anga yatuambia habari za mvua. Elimu ya hesabu yatupa vipimo. Lakini ni mzee wa kijiji awezaye kuonyesha kwa kidole mti uliofikiwa na maji mwaka ule.

Na samaki ni vivyo hivyo. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza kwamba ziwa limepata joto. Chakula cha viumbe hulala chini kilindini, na upepo wa kusi wa wakati wa kiangazi hukoroga maji na kukipandisha. Maji ya juu yakizidi joto, hayachanganyiki vema na ya chini. Chakula hupungua, na ndagala nao hupungua. Mvuvi arudipo alfajiri na taa yake bila kitu, lawama isiangukie jirani peke yake.

Yatupasayo

Padre Charles Sacleux, aliyetunga kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyotoka mwaka 1939, alikuwa pia mchunguzi wa mimea, na jamii moja ya mimea yaitwa Sacleuxia kwa jina lake. Huyo hakuona aibu kushika kalamu ya lugha kwa mkono mmoja na jani kwa mkono wa pili. Tusiwafunge watoto wetu kwa kamba ambayo yeye hakufungwa nayo.

Tangu vita vya mwaka 1996 wengi wa wazee wetu walifia ukimbizini Nyarugusu na penginepo, na waliyoyajua yakazikwa nao. Waliobaki ni wachache. Kwa hiyo, wazazi na walimu, watumeni vijana kwao na daftari. Waulize maji yalifika wapi mwaka 1964, mto gani ulihama njia, mti gani huponya nini, ukoo gani ulitangulia kufika wapi. Waandike jina la aliyesema, mahali na siku. Mwenye biokimia aende pamoja na mwenye lugha, maana mmoja atajua la kupima na mwingine atajua la kuuliza.