Kengele ya Mbuzi

Kijana wa mtaa wa Lucky Summer, jijini Nairobi, atimizapo miaka 18 huhimizwa na mamake akachukue kipande, yaani kitambulisho. Na neno hilo, lisikikalo kila siku kwenye kibanda cha M-Pesa ambapo mteja humtajia wakala nambari yake, lina umri mkubwa kuliko mtaa wenyewe.

Sheria ya kikoloni ya kuwaandikisha Waafrika nchini Kenya ilipitishwa mwaka 1915, ila kwa sababu ya Vita Kuu utekelezaji wake ukangoja hadi 1919 na 1920. Tangu hapo kila mwanamume Mwafrika aliyekwisha baleghe alilazimika kubeba kipande, karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la tajiri wake na ujira aliolipwa, akiitia katika kikebe cha chuma na kukitundika shingoni. Na aliyeondoka kazini pasipo tajiri kutia sahihi alihesabiwa mtoro, akasakwa na kushtakiwa kama mhalifu, ijapokuwa hakuiba wala hakumpiga mtu. Wakikuyu walikiita kikebe hicho mbugi, yaani kengele ya mbuzi, nao walifahamu vema walisemalo, kwani mbuzi hajifungi kengele, bali hufungwa na amchungaye, apate kumsikia aendako.

Miaka ileile ya 1920 na 1921, Mrusi Yevgeny Zamyatin alikuwa akiandika riwaya ambayo jina lake kwa Kiswahili ni Sisi, ambamo watu hawana majina ila nambari, na nyumba zao ni za vioo ili wasifichike. Na wasomaji wa Ulaya wakaipokea kama onyo la zama zijazo, ilhali mchuma kahawa wa Kiambu alikuwa tayari na nambari yake kifuani.

Harry Thuku, aliyekipinga kipande hadharani, alipokamatwa Machi 1922, umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ulimiminiwa risasi, na Mary Muthoni Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Hata ulipofika Aprili 1954, katika msako wa serikali ya kikoloni ulioitwa Operesheni Anvil, wakazi wa Eastlands, Nairobi, walipitishwa foleni mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, na kichwa kile kikitikisika tu, basi mtu alipelekwa kizuizini.

Marehemu Katama Mkangi, ambaye naye aliwekwa kizuizini mwaka 1986 bila kushtakiwa, alitoa riwaya ya Walenisi mwaka 1995, ambamo Dzombo anafungiwa katika chombo cha angani ili aangamie, naye akajifunza kukiendesha. Naiona kuwa ndiyo riwaya itufaayo zaidi katika suala hili, maana Mkangi hakukishutumu chombo, bali mkono uliomfungia mtu ndani yake.

Mwaka 2023 watu walijipanga katika jumba la KICC, jijini Nairobi, wakitazama tufe ling'aalo la mradi wa Worldcoin lipige picha mboni za macho yao, kwa malipo ya sarafu za mtandao zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Siwalaumu hata kidogo, kwani kwa mlipa kodi ya chumba cha mabati hizo si fedha haba. Lakini kikebe cha chuma mtu aliweza kukivua usiku alalapo, na jicho halivuliki. Serikali ilisimamisha zoezi hilo Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa zote zilizochukuliwa zifutwe katika muda wa siku saba.