Jinsi ya kupanga vitufe vya kurushia ndege katika kompyuta

Na Mwandishi Wetu

WAKATI wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa Marekani waliorusha ndege za B-17 walikumbwa na ajali za kushangaza. Baada ya kutua salama, rubani aliyekusudia kurudisha flapu, yaani vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoiwezesha ndege kuruka kwa mwendo mdogo, alikunja magurudumu, na ndege ikalalia tumbo.

Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alibaini kuwa swichi za flapu na za magurudumu zilikaa karibu na kufanana. Alipendekeza ya magurudumu ipewe kishikio chenye umbo la gurudumu, na ya flapu umbo la bawa. Hadi leo, kanuni za Marekani kwa ndege kubwa za abiria zinataka vishikio hivyo vitofautiane kwa umbo.

Funzo hilo linamhusu pia anayerusha ndege katika kompyuta, kwa programu kama Microsoft Flight Simulator, X-Plane au FlightGear, ambayo hutolewa bure.

Kabla ya kupanga chochote, joistiki iunganishwe na kusawazishwa kwa kusukumwa hadi mwisho wa kila upande, kisha kuachwa ijirudie katikati. Aidha, mpangilio uliokuja na programu usifutwe. Inafaa kutengeneza nakala yake, kuipa jina na kuibadilisha hiyo, ili mambo yakiharibika pawe na pa kurudi.

Mambo yanayobadilika kidogo kidogo, kama kuinua pua ya ndege, kulalia upande na kuongeza nguvu za injini, yapewe mkono wa joistiki au wenzo wake. Yale ya kuwasha na kuzima, kama magurudumu na taa, yanatoshwa na kitufe.

Vitufe vya joistiki ni vichache, hivyo vitengwe kwa yale yanayohitajika haraka: breki, flapu na kuzima mtambo unaojiendesha. Magurudumu, ambayo huguswa mara chache, yabaki kwenye kibodi, mbali na flapu.

Hata hivyo, herufi hazifanani katika programu zote. Katika toleo la Microsoft la mwaka 2020, herufi G hukunja na kushusha magurudumu, ilhali F6 hurudisha flapu hatua moja na F7 huzishusha. Katika FlightGear, g ndogo hukunja magurudumu na G kubwa huyashusha.

Tatizo linalosumbua wengi ni kazi moja kupewa vifaa viwili. Wenzo wa nguvu za injini ukiwa kwenye joistiki na pia kwenye kifaa kingine, injini hupanda na kushuka bila kuamriwa. Dawa yake ni kufuta kazi hiyo katika kifaa kimoja.

Iwapo ndege inayumba ilhali mkono umetulia, mtumiaji aongeze kidogo eneo la katikati ambalo joistiki haipeleki amri. Asizidishe, kwani ndege itachelewa kuitika.

Hatimaye, kila kitufe kijaribiwe ndege ikiwa imeegeshwa, macho yakiwa kwenye kioo na si kwenye kibodi. Kitufe kinachotafutwa kwa macho hakijapata mahali pake, na kutua hakumsubiri anayekitafuta.