Mfinyanzi Hulia Gaeni: James Kirkman na Vigae vya Gede

Wahenga walisema, mfinyanzi hulia gaeni. Nilipokuwa nikifundisha Kiswahili katika chuo cha ualimu, niliitumia methali hii kueleza hali ya fundi asiyefaidi kazi ya mikono yake. Historia ya pwani yetu imeipa methali hiyo mfano ambao wapenzi wa lugha hatuna budi kuutafakari.

James Kirkman (1906–1989), Mwingereza, aliwekwa mwaka 1948 kuwa msimamizi wa magofu ya Gede, karibu na Malindi. Kwa takriban miaka kumi alichimba msikiti mkuu, jumba la mtawala na nyumba za mji. Mwaka 1958 akahamia Mombasa, kwenye Ngome ya Yesu, iliyokuwa imetumiwa kama gereza. Aliichimba, na chini ya uangalizi wake ikawa makumbusho. Katika miaka yote hiyo, kitabu chake kikuu kilikuwa vigae.

Gede haikuacha tarikhi iliyoandikwa. Kaburi moja tu lina mwaka, 802 Hijria, yaani 1399. Mengine ilibidi yasomwe katika vyombo vilivyovunjika. Vyombo vya manjano vyenye michoro myeusi vilitoka Yemen karne ya 14. Vya kijani vilitoka tanuri za Longquan, Uchina. Vyeupe vyenye nakshi za buluu vilikuja baadaye, zama za Ming. Kigae kikikutwa chini ya sakafu isiyovunjwa, sakafu hiyo haiwezi kuwa kongwe kuliko chombo chenyewe. Kwa hoja nyepesi kama hiyo, Kirkman aliipangia pwani nzima karne zake. Hata nyumba za Gede zina majina ya vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, ya Sanduku la Pembe, ya Bakuli la Kauri.

Washairi walivijua vyombo hivyo kabla yake. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anaililia Pate na vidaka vya majumba yake vilivyogeuka viota vya ndege. Huko Mambrui na Kunduchi, bakuli na sahani za ng’ambo zilipachikwa kwenye makaburi, zing’ae juu ya wafu.

Hata hivyo, kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu Gede kiliuita mji huo, katika anwani yake, mji wa Waarabu. Hapa ndipo mfinyanzi alipoachiwa gae. Vyombo vya ng’ambo vilikuwa sehemu ndogo tu ya vigae vya pwani. Vilivyo vingi ni vya udongo wa hapa hapa, vilivyofinyangwa na kuchomwa na wenyeji. Kirkman mwenyewe aliviainisha kwa uangalifu, lakini swali la nani aliujenga mji alilijibu kwa kutazama ng’ambo. Kuanzia mwaka 1980, Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate, akakuta msikiti wa mawe umejengwa juu ya misikiti ya miti, na tangu karne ya 8 vyungu vya kienyeji vikiwa ndivyo vyombo vya kila siku. Mji ulikua kutoka ardhini, haukushushwa jahazini.

Lugha yetu inatoa ushahidi huo huo. Sahani ni neno la Kiarabu, na sini ni Uchina iliyopitia kinywa cha Mwarabu. Lakini chungu, kigae na kufinyanga ni Kibantu kitupu. Mgeni alileta chombo cha kuwekwa kidakani. Chombo cha kupikia kilikuwapo, na jina lake lilikuwapo.

Nampa Kirkman heshima yake: pasipo subira yake tusingejua kipi kilitangulia kipi. Mwaka 2024 UNESCO iliiingiza Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mkono wake umo katika heshima hiyo. Kazi iliyobaki ni yetu. Bia, mkungu, kaango, chetezo, waya wa kuokea mkate: ni vijana wangapi wanaoyajua majina haya ya vyombo vya udongo? Bado wapo kina bibi wafinyanzi wanaoyatumia. Anayetunga shairi na ayatie; anayekusanya msamiati na aende akawasikilize, kabla maneno hayo hayajawa vigae visivyo na wa kuvisoma.