Tegla Loroupe: kutoka njia ya shule mpaka bendera ya wakimbizi

Ninyi jamaa zetu mliokimbia vita na mnaoishi kambini ao katika familia zilizowapokea, leo tunawaletea historia ya mwanamke wa Kenya. Anaitwa Tegla Loroupe. Mwisho wa historia yake utafika mpaka kwa watoto wawili wa Bukavu.

Tegla alizaliwa mwaka 1973 huko Pokot Magharibi, karibu na mpaka wa Uganda, katika familia ya wafugaji. Baba yake alikuwa na wake wanne na watoto wengi. Shule ilikuwa mbali, kilomita 10 hivi, na binti huyu alikwenda akikimbia na kurudi akikimbia. Hapo ndipo mazoezi yake yalipoanzia, bila kocha wala viatu. Baba hakutaka binti yake awe mkimbiaji. Mama ndiye aliyemuunga mkono. Hata viongozi wa michezo walimwona ni mdogo na mwembamba sana, mpaka mwaka 1988 aliposhinda mbio kubwa za nyika akiwa miguu mitupu.

Mwaka 1994, akiwa na miaka 21, alikwenda New York kukimbia marathoni, yaani kilomita 42 na zaidi kidogo. Akashinda. Hakuna mwanamke wa Afrika aliyekuwa amewahi kushinda mbio hizo. Mwaka uliofuata alirudi akiwa na huzuni, kwa sababu dada yake alikuwa amefariki. Akashinda tena.

Kisha zikaja rekodi. Tangu mwaka 1985, rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake ilikuwa mikononi mwa Ingrid Kristiansen wa Norway: saa 2, dakika 21 na sekunde 6. Mwezi wa nne mwaka 1998, mjini Rotterdam, Tegla alikimbia kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 47. Akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushika rekodi hiyo. Mwaka 1999, mjini Berlin, aliipunguza tena kwa sekunde 4. Miaka ile ile, 1997, 1998 na 1999, alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mara tatu mfululizo.

Lakini tusiseme ushindi peke yake. Mwaka 2000 alikwenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya Sydney, na watu wengi walimtazamia medali ya dhahabu. Kabla ya marathoni chakula kilimdhuru tumboni. Angeweza kubaki kitandani. Alikimbia, akamaliza wa 13. Siku chache baadaye aliingia tena uwanjani kwa mbio za mita 10,000, akamaliza wa 5. Medali ya Olimpiki hakuipata kamwe.

Kwao Pokot, wakati huo, vijana walikuwa wanauana kwa sababu ya ng'ombe na malisho. Bunduki zilikuwa zimechukua nafasi ya mikuki. Mwaka 2003 Tegla alianzisha shirika lake la amani, na akaanza kuandaa mbio ambamo Wapokot, Waturkana, Wamarakwet na Wakaramojong wanakimbia pamoja. Watu waliozoea kuviziana porini wakajikuta kwenye mstari mmoja wa kuanzia. Wizi wa ng'ombe haujaisha mpaka leo katika eneo lile, lakini mahali pa kukutana bila silaha palipatikana.

Kazi hiyo ilimpeleka kwenye kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya. Huko walichaguliwa wakimbizi wenye mbio, wakapelekwa Ngong, karibu na Nairobi, kufanya mazoezi kwake. Mwaka 2016, mjini Rio, kwa mara ya kwanza katika historia, Michezo ya Olimpiki ilikuwa na timu ya wakimbizi. Walikuwa 10, na kiongozi wa ujumbe wao alikuwa Tegla Loroupe. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudani Kusini waliotoka Kakuma. Mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, ndiye aliyebeba bendera siku ya ufunguzi.

Na wawili walikuwa wetu: Popole Misenga na Yolande Mabika, wachezaji wa judo, wote wawili wazaliwa wa Bukavu. Vita viliwatenganisha na jamaa zao wakiwa watoto. Mwaka 2013 walikwenda Brazili kwa mashindano, wakabaki huko kama wakimbizi. Katika Michezo ya Rio Misenga alishinda pambano lake la kwanza. Mabika alishindwa. Wote wawili walipigiwa makofi.

Wazazi, tunajua kambini mzigo wa kuchota maji na kutafuta kuni unaangukia wasichana, na mchezo unaonekana kama kupoteza wakati. Usalama wao njiani ni jambo la kwanza, hatulisahau. Lakini tukumbuke Tegla naye aliambiwa hawezi, na mtu mmoja tu nyumbani, mama yake, alikataa kuamini hivyo. Binti wako akiomba saa moja ya kukimbia ao kucheza mpira na wenzake, mahali penye usalama, umpe hiyo saa.