Mshubiri wa Nyika (Aloe secundiflora)

Mshubiri huu ni mmea wa kudumu wenye majani manene yenye miiba ukingoni. Asili yake ni nyika za Kenya, Tanzania, Ethiopia na nchi jirani. Wakamba huuita kiluma, Wamasai osuguroi. Usichanganywe na Aloe vera ya vipodozi, ambayo chimbuko lake ni Rasi ya Uarabuni.

Vitundu vya majani yake hujifunga mchana na kufunguka usiku kukishapoa, hivyo hewa huingia bila maji mengi kupotea. Kiangazi kikikaza, majani huiva rangi ya kahawia yenye wekundu, na asiyeuzoea hudhani unakufa akakimbilia ndoo. Hapo ndipo miti mingi ya bustanini huangamia. Mshubiri huuawa na maji kuliko kiu: mizizi ikikaa kwenye tope, shina huoza kuanzia chini na jani hung'oka likivutwa kidogo tu. Upande penye jua la kutwa na udongo usiotuamisha maji. Kwenye mfinyanzi, inua tuta na uchanganye kokoto. Mwagilia mche hadi ushike, kisha uuache.

Aina hii kwa kawaida haitoi machipukizi pembeni, kwa hiyo huoteshwa kwa mbegu. Vuna vitumba vikiwa vya kahawia kabla havijapasuka, maana mbegu zina vibawa na hupeperuka. Zisie juu ya mchanga kwenye kivuli chepesi. Panda miti miwili au zaidi, kwani mmoja peke yake mara nyingi hautungi mbegu; ndege aina ya chozi, wanaofuata asali ya maua yake mekundu, watabeba chavua.

Kung'oa mishubiri porini ni kosa kubwa, kwani mti mmoja uliokomaa ni kazi ya miaka. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini kwa amri ya rais mwaka 1986.

Jani likikatwa, utomvu mchungu wa manjano hutiririka kutoka chini ya ganda na kuwa mweusi ukikauka. Ndani kuna ute mweupe usio na uchungu huo. Utomvu huharisha vibaya, na mjamzito asiunywe kabisa. Wafugaji wengi hutia vipande vya jani kwenye maji ya kuku kuzuia mdondo, lakini kinga ya kutegemea ni chanjo.