Kazi Isiyo na Hospitali

Watu wakisikia mimi ni muuguzi wa afya ya akili, swali la kwanza huwa lile lile: uko hospitali gani? Sina hospitali. Nina begi, simu ya kazi, kadi ya basi na orodha ya vijana kama 15 waliotawanyika London. Mmoja naonana naye jikoni kwao, mwingine kwenye mgahawa wa kuku, mwingine tunazunguka bustani ya mtaa kwa sababu akiwa ndani sauti zinamzidi. Hii ndo huduma ya akili ya jamii. Kwenye kipindi tuliigusa juu juu tu, kwa hiyo leo nataka tukae na historia yake, maana inatuhusu sisi watoto wa waliohama kuliko tunavyodhani.

Nyumba kubwa nje ya mji

Zamani Uingereza, mtu akiugua akili alipelekwa mbali. Karne ya 19 serikali ilijenga majumba makubwa pembezoni mwa miji, mengi yakiwa na mashamba yake, dobi lake, kanisa lake na mnara wake wa maji. Mojawapo ni Colney Hatch, kaskazini ya London, lililofunguliwa 1851. Watu waliingia wakiwa vijana, wakazeekea humo humo. Mpaka katikati ya miaka ya 1950, England na Wales zilikuwa na vitanda karibu 150,000 vya wagonjwa wa akili. Hebu fikiria mji mzima wa watu waliofichwa.

Mfumo huo ulisafiri pamoja na ukoloni. Kule Lutindi, kwenye milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walikuwa na makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na kuanzia 1904 wakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Nairobi, 1910, Waingereza waligeuza majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Hiyo ndiyo Mathari, ipo mpaka leo. Dodoma ikafuata Mirembe, 1927. Ndo maana kwa wazazi wetu majina haya si ya hospitali tu. Mtu akifanya kioja utasikia, "huyu wa Mirembe huyu," na watu wanacheka. Kicheko hicho kina umri wa karibu miaka 100.

Mathari ilikuwa na jambo lingine zito. Kuanzia 1938 iliongozwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers, ambaye alipokabidhiwa hospitali hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapa kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na humo alimfananisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapa ripoti yake kuhusu Mau Mau. Watu waliodai ardhi yao wakaandikwa kama wagonjwa. Frantz Fanon, ambaye naye alikuwa daktari wa akili, alimjibu vikali. Lakini ripoti ilishatumika.

Mwaka 1954

Sasa angalia mwaka huo huo wa ripoti ya Mau Mau, 1954. Kulitokea mambo mawili mengine, sehemu mbili tofauti, na kazi yangu imezaliwa kati yake.

La kwanza ni Nigeria. Daktari Thomas Adeoye Lambo alirudi kutoka masomoni Uingereza akapewa hospitali ya Aro, Abeokuta, ambayo majengo yake yalikuwa hayajakamilika. Badala ya kungoja wodi, aliongea na wenyeji wa vijiji vya jirani wawapangishe wagonjwa vyumba. Kila mgonjwa alikuja na ndugu mmoja wa kumwangalia. Mchana anapata matibabu, jioni anarudi kijijini, anapika, anasalimiana na watu. Lambo pia alifanya kazi na waganga wa jadi badala ya kuwafukuza.

La pili ni hospitali ya Warlingham Park, karibu na Croydon. Huko waliwatoa wauguzi wawili wodini wakawatuma kuwatembelea wagonjwa walioruhusiwa, majumbani mwao. Wauguzi wawili tu. Mimi na wenzangu wote tumetokana na safari zile.

Na dawa nazo zilikuwa zimeanza kupatikana. Klopromazini, iliyojaribiwa kwanza Ufaransa 1952, ilituliza sauti na hofu kiasi kwamba mtu aliyekuwa hatoki kitandani aliweza kukaa mezani na watu. Ilikuwa na madhara yake, na inayo bado. Lakini kwa mara ya kwanza wakubwa wakaanza kuuliza: huyu anafanya nini humu ndani?

Milango ikafunguliwa

Mwaka 1961 waziri wa afya wa Uingereza alisimama mbele ya mkutano wa watu wa afya ya akili akasema majumba yale, na minara yake ya maji, lazima yaondoke. Alitaka vitanda vipungue kwa nusu ndani ya miaka 15. Jina lake Enoch Powell. Naam, yule yule ambaye 1968 alitoa hotuba ya kuwatisha Waingereza kuhusu wahamiaji. Mtu huyo huyo alifungua mlango mmoja na kujaribu kuufunga mwingine.

Kufunga kulichukua muda mrefu. Colney Hatch, ambayo baadaye iliitwa Friern, ilifungwa 1993. Leo ni nyumba za kifahari. Shida ni kwamba pesa hazikuwafuata wagonjwa. Sheria ya 1990 iliwapa serikali za mitaa jukumu la kupanga matunzo ya watu majumbani, lakini wengi waliangukia kwenye vyumba vibovu, barabarani au jela. Neno "jamii" lilikuwa tamu, ila lilitegemea kuna mtu nyumbani wa kukupokea. Mara nyingi mtu huyo ni mama, dada au shangazi.

Kwa nini vijana

Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2005 ulionyesha kwamba robo tatu ya magonjwa ya akili ya maisha yote huanza kabla ya miaka 24. Lakini huduma zimekatwa katikati: mpaka miaka 18 uko upande wa watoto, baada ya hapo unaanza upya upande wa watu wazima. Yaani pale pale mtu anapohama nyumbani, anapoanza chuo, anapougua, ndipo tunambadilishia watu wote anaowajua.

Melbourne, miaka ya 1990, Patrick McGorry na wenzake walijaribu njia nyingine: mpate kijana mapema, mwanzoni kabisa mwa saikosisi, na ukae naye miaka kadhaa. Birmingham nako Max Birchwood alikuwa akifanya hivyo hivyo. Mwaka 2000 serikali ya Uingereza iliahidi timu 50 za namna hiyo, za kuanzia miaka 14 mpaka 35. Mimi niko kwenye timu ya aina hiyo. Dawa ni sehemu moja tu. Siku nyingine kazi yangu ni kujaza fomu ya nyumba, kumpigia simu mkuu wa chuo, au kumfundisha mtu wa miaka 22 kupika wali bila kuuunguza, kwa sababu miaka miwili ya ugonjwa ilimnyang'anya vitu vidogo vidogo.

Hofu yenye sababu

Nikifika kwenye nyumba za watu wetu nasema shikamoo, mama anaitikia marahaba, anatabasamu kusikia Kiswahili. Kisha kabla sijakaa: "Mwanangu, mmekuja kumchukua?"

Wenzangu wengine huona hilo ni ushamba. Mimi sioni hivyo. Kwa England, watu weusi hulazwa kwa nguvu ya sheria karibu mara 4 zaidi ya wazungu. David "Rocky" Bennett alifariki 1998 katika kliniki ya Norwich baada ya kukandamizwa sakafuni na wauguzi. Seni Lewis, kijana wa miaka 23, alifariki 2010 London baada ya kushikiliwa na polisi hospitalini. Mama yake hakunyamaza, na 2018 ikapitishwa sheria ya kudhibiti matumizi ya nguvu wodini. Ukiongeza hayo kwenye Mathari na Carothers, utaona mama anajua historia hata kama hajaisoma.

Lakini hofu hiyo ina mtego. Familia inaogopa, inangoja. Inamsomesha kwa shehe, inamwombea, inamfungia chumbani asionekane. Miezi inapita, kijana anazidiwa, na siku moja saa tisa usiku jirani anaita polisi. Anachukuliwa kwa pingu, na kila mtu anasema: si tulisema? Njia iliyotumika kumkwepesha ndiyo iliyomfikisha pale.

Kwa hiyo huwa namjibu mama ukweli. Siwezi kukuahidi hatalazwa kamwe, sheria ipo. Ninachojua ni kwamba tukianza mapema, kuna mambo mengi ya kujaribu kabla ya kufika huko. Shehe aendelee kumsomea, ila dawa asiache. Na wewe mama, au dada yake, kaeni nasi mezani, kama ndugu wale wa Aro.

Kama una mdogo wako anayejifungia, halali, anasikia visivyosikika au anaamini watu wanamfuatilia, usingoje Idd wala Krismasi familia ikutane. Kwa England, ongea na daktari wa familia, au piga 111 uchague namba 2 kwa afya ya akili, saa 24. Mwaka 2016 kiliwekwa kiwango cha taifa kwamba angalau nusu ya wanaopata saikosisi mara ya kwanza waanze matibabu ndani ya wiki 2. Kiulize kwa jina. Na ukiona mzazi anasita, usimkebehi. Mwambie unaelewa anachoogopa, halafu mpige simu mkiwa pamoja.